Maji ya Miguu ya Shangazi Martha

Mwankoko, Singida
12 Agosti 2024

Mwanangu Hosea,

Nimekupigia simu mpaka nimechoka, na kila mara yule dada wa kwenye simu ananiambia hupatikani. Nimeshamjibu kwamba hilo nalijua, uko pori la Itigi unalinda mizinga ya watu, lakini haachi kunieleza. Basi naandika. Barua nampa Mazengo, dereva wa lori la asali, anayesema ataleta ndoo tupu kambini kwenu wiki hii. Wiki hii ya Mazengo unaijua.

Mimi ni mzima. Nyumba nayo ni nzima, ukitoa mlango wa jikoni.

Nikupe habari za maji, maana hapa Mwankoko siku hizi hakuna habari nyingine. Manispaa wameleta mpango wa kubana maji nyumbani na bustanini. Kuna kijana anaitwa Clement, anavaa kizibao cha kung'aa hata jua la saa saba, kana kwamba kuna mtu atashindwa kumwona. Anapita nyumba kwa nyumba kusoma mita na kutufundisha. Mwezi wa kumi na moja watachagua kaya za mfano, zifungiwe mifereji ya bati na simtanki. Nilimuuliza, mfano wa nini? Akasema wa matumizi endelevu. Nikamwambia mimi nimetumia maji kidogo tangu nizaliwe, ni vile tu hakuna aliyekuja kuandika.

Lakini usinicheke, nimenogewa. Maji yenye sabuni nyingi yana ndoo yake, yanakwenda kusafishia choo. Maji ya kuoshea mboga na ya kunawia yanakwenda kwenye pipa nyuma ya nyumba. Ndani ya pipa kuna kokoto, mchanga na mkaa, juu kuna kifuniko, chini kuna koki. Kwenye koki Clement amefunga kitambaa chekundu, alama kwamba hayo si ya kunywa. Yakishachujika nayamimina kwenye magunia ya mchicha na kwenye kitalu cha vitunguu. Miche ya nyanya nimeiwekea chupa zilizotobolewa vizibo, zinadondosha tone tone kutwa. Chini nimetandaza maganda ya alizeti. Mchicha umenenepa mpaka naona aibu kuuchuma.

Sasa la muhimu. Jumamosi hii shangazi yake Belinda anakuja na wenzake wawili kutoka Mtinko kuiangalia nyumba. Mshenga ameniambia baba yake Belinda ameshakubali, lakini kwao baba ni muhuri tu, mwenye kidau cha wino ni shangazi. Ndiye aliyemlea. Huyo Martha akisema ndiyo, umeoa. Akisema hapana, endelea na nyuki.

Nimepiga nyumba chokaa upande unaoonekana.

Mama yako,
Felista


Kambi ya nyuki, Itigi
26 Agosti 2024

Mama shikamoo,

Barua yako imefika leo na Jumamosi imeshapita. Kwa hiyo walishakuja! Wameshaondoka na mimi sijui kitu. Tangu asubuhi sijakaa chini. Nimeukagua mzinga mmoja mara mbili, nyuki wamenichoka, wameniuma kwenye sikio.

Walisemaje? Shangazi alikaa kiti gani? Alicheka? Aliuliza tunasali wapi? Alikula akamaliza? Belinda aliniambia shangazi yake akimaliza sahani maana yake amekubali, akiacha tonge moja maana yake bado anafikiri. Mama, aliacha tonge?

Na hayo mambo ya ndoo na pipa, natumaini uliyaficha. Mimi nakuelewa, lakini watu wa Mtinko wanachota maji mbali, na bado mgeni wao wanampa ya kumwaga. Wasije wakadhani kwetu maji yanahesabiwa.

Huku maua yameanza kufunguka porini, tukijaliwa tutarina asali mwezi wa kumi na moja. Mkuu wa kambi amesema kila mlinzi atakayekuwepo siku ya kurina atapata fungu lake. Hilo ndilo la harusi. Kwa hiyo siwezi kutoka hapa, na kukaa nako siwezi. Usiku nasikia lori ambalo halipo.

Niandikie kila kitu. Usifupishe.

Mwanao,
Hosea


Mwankoko
6 Septemba 2024

Mwanangu Hosea,

Wageni walikuja, walikula, waliondoka.

Shangazi Martha alikaa kile kiti chenye mikono. Ni mwanamke mnene wa sauti, na anatazama vitu kama mtu anayetaka kuvinunua kwa bei ya chini. Aliisifu chokaa. Aliusifu sana mchicha, akauliza unaneneshwa na nini, nikamjibu. Hakukaa sana baada ya hapo, alikuwa anawahi gari.

Kuhusu tonge, sikuangalia.

Clement alikuja juzi akasoma mita, akaisoma tena, akaigonga kwa kidole. Anasema katika mtaa huu hakuna aliyeshuka kama mimi. Alitaka kunipiga picha nikiwa nimeshika koki ya pipa. Nimemwambia aje siku nikiwa na kitenge kizuri. Magunia ya mchicha sasa ni manne. Kitalu cha vitunguu kimesimama vizuri, ingawa wanunuzi wa miche bado hawajaja kama mwaka jana. Labda wanasubiri mvua.

Alute, yule jirani wa nyumba ya kona, alikuwa anakuja kila jioni kuchuma mboga. Sasa haji. Labda ameota meno ya nyama.

Usihangaike. Ukihangaika unawaudhi nyuki, nao wanauma.

Mama yako,
Felista


Mtinko
7 Septemba 2024

Hosea,

Habari za porini. Naandika nikiwa kwenye cherehani, gauni la mtu liko magotini, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Sijui mama yako amekuandikia nini. Ninavyomfahamu, atakuwa amekuandikia habari za mchicha. Acha mimi nikwambie. Sikuwepo siku hiyo, lakini shangazi amesimulia mara nyingi sana, naweza kusimulia nikiwa usingizini.

Walifika wakiwa na vumbi. Mama akawaletea maji, shangazi akanawa miguu. Kwetu, maji ya miguu ya mgeni humwagwa nje ya ua, upande ule aliotokea. Shangazi anashikilia mno jambo hilo. Mama akalichukua beseni akaenda nalo nyuma ya nyumba. Shangazi akamfuata kwa macho, kisha akamfuata kwa miguu, nayo bado imelowa. Akamkuta mama anayamimina kwenye pipa, akalifunika. Shangazi akaona kitambaa chekundu. Akamsukuma mwenzake afunue achungulie, wakaona mkaa.

Wakarudi mbele. Wakaandaliwa chakula. Akauliza, "Mama Hosea, huu mchicha unaneneshwa na nini?"

Mama akajibu, "Na wageni."

Hosea, mimi najua ni utani. Wewe unajua. Lakini shangazi aliacha sahani nzima, siyo tonge. Sasa Mtinko yote inasema mama yako anakusanya maji ya miguu ya watu, anayafungia kwenye pipa lenye mkaa na kitambaa chekundu, na bustani yake inanawiri wakati za wenzake zinakauka. Neno lenyewe halitajwi, linazungukwa. Na nasikia limeshafika Mwankoko.

Shangazi amesema haniozi kwenye ua ule. Mimi bado nambembeleza. Usifanye kitu. Nipe muda.

Belinda


Kambi ya nyuki
10 Septemba 2024

Mama shikamoo,

Barua yako na ya Belinda zimefika kwa lori moja. Nimeanza na yako nikafurahi. Laiti ningeishia hapo.

Kwa nini hukuniambia? Unaniandikia meno ya Alute! "Na wageni," mama! Huwezi kujibu swali kama watu wengine, hata mara moja, hata siku ya mkwe?

Mazengo anashusha ndoo, akimaliza anaondoka, kwa hiyo nasema haraka. Livunje pipa. Mchanga umwage, mkaa upikie, kitambaa kichome. Huyo Clement mwambie umejitoa. Simtanki nitakununulia mimi. Halafu nenda Ulemo kwa mjomba Zefania ukakae huko mpaka haya maneno yaishe. Kwenye nyumba tutaishi mimi na Belinda kwanza, baadaye tutaona.

Sisemi kwa ubaya. Naogopa. Unajua maneno kama hayo yamewafikisha wapi wanawake wa umri wako.

Anapiga honi.

Hosea


Kambi ya nyuki
10 Septemba 2024

Kwa Shangazi Martha, Mtinko

Shikamoo shangazi,

Mimi ni Hosea, mchumba wa Belinda. Nimesikia yaliyotokea nyumbani na nimeumia. Nakuomba radhi kwa niaba ya ukoo.

Nakuahidi pipa litavunjwa. Mama pia anahama, anakwenda kukaa Ulemo kwa kaka yake. Belinda hatakaa naye ua mmoja. Kwa hiyo lile ulilokuwa unaliogopa halipo tena. Nakuomba usinifungie mlango.

Wako mtiifu,
Hosea


Mwankoko
27 Septemba 2024

Mwanangu Hosea,

Honi ya Mazengo nimeisikia hadi kwenye mwandiko wako.

Nilikuficha, ni kweli. Mtu akiwa porini peke yake humpelekei moto. Na utani ule nimeujutia. Ulimi wangu ulinitangulia, kama kawaida yake. Nilipomimina yale maji pia sikufikiri. Marehemu mama yangu naye alikuwa akimwaga maji ya mgeni nje ya ua. Lakini mkono ukishazoea pipa, unakwenda kwenye pipa, uwe umebeba maji ya mchele au ya mkwe.

Sasa nisikilize. Alute ananisalimia akiwa ng'ambo ya barabara, na barabara yenyewe ni nyembamba. Miche ya vitunguu hakuna anayeigusa. Jumapili kwenye benchi langu kanisani nilikaa kwa nafasi kubwa sana, ningeweza kulala. Clement alipoambiwa, aliwaita watu mkutano akawaeleza mchujo na mkaa. Walimsikiliza vizuri. Walipotoka wakasema, kumbe na yeye ameshapewa dawa.

Mimi ni mjane, ninaishi peke yangu, na macho yangu ni mekundu kwa moshi. Sihitaji kuambiwa neno hilo likitoka linakwenda wapi. Usiku nasikia kila kinachopita nje ya ua, na nikisikia kimya ndio sipati usingizi kabisa. Kwa hiyo usidhani sijaogopa. Nimeogopa kukushinda.

Lakini fikiri kidogo. Nikivunja pipa leo, watasema nimeficha. Nikihamia Ulemo, watasema nimekimbia, na Ulemo wataniuliza nimekimbia nini. Neno lile litabaki hapa kwenye nyumba, Belinda atalikuta mlangoni, na watoto wenu watazaliwa juu yake. Unataka kumwoa kwa njia hiyo?

Wa kunisafisha ni yule aliyeanza kusema. Jumamosi ya wiki ijayo nakwenda Mtinko mwenyewe. Nimetoboa ndoo chini, nimeweka kokoto, mchanga na mkaa, pipa dogo la kubebeka. Nitamfungulia Martha aangalie hadi achoke. Yeye ni mkulima wa vitunguu kama mimi. Mtu wa kitalu humwonyeshi maneno, unamwonyesha maji.

Omba tu nisifanye utani.

Mama yako,
Felista


Mwankoko
7 Oktoba 2024

Hosea,

Angalia juu ya barua hii nimeandika wapi. Niko kwa mama yako.

Alikuja Mtinko Jumamosi na ndoo yake. Shangazi alikuwa uani na wanawake wa kwaya, wanachambua alizeti. Nilidhani atamfukuza. Mama akapiga magoti kidogo, akasalimia wote, akaomba maji ya kunawa miguu. Maji hanyimwi mtu kwetu, hata wa namna gani. Shangazi akanituma nikaleta.

Mama akanawa, akayamimina yote kwenye ndoo mbele yetu. Tukakaa tunangoja kama watu wanaongoja mtoto azaliwe. Yakaanza kudondoka kwa chini.

"Haya ni ya miguu yangu," mama akasema. "Kama kuna mtu anarogwa hapa, basi ni mimi."

Mmoja akacheka, kisha wakacheka wawili. Shangazi hakucheka, lakini alisogeza kigoda karibu.

"Na ya sabuni?"

"Ya sabuni nyingi hayaingii humu, dada. Yanakwenda chooni."

"Na kile kitambaa chekundu?"

"Ni cha kuwazuia watoto wasinywe. Kijana wa manispaa alikuwa nacho hicho tu, kilibaki kwenye mapazia ya ofisini kwao. Angekuwa na cha bluu leo nisingepanda gari."

Hapo hata shangazi alificha mdomo kwa khanga. Akaingiza mkono ndani ya ndoo, akautoa mkaa, akaunusa, akaurudisha. Halafu akasema, kama anaongea na ukuta, "Kitalu changu mimi kinakufa. Maji ya lambo tunapewa ndoo mbili." Mama akasema kitalu hakihitaji mengi, kinahitaji yasiyokatika, na angemwonyesha namna ya kutandaza maganda. Wakainuka wote wawili kwenda kukitazama. Hosea, walikuwa wanakwenda bega kwa bega. Mimi niliwaona.

Shangazi alikuwa ameshalainika. Ndipo akasema, na wala hakuwa na nia mbaya, "Vizuri umekuja kuaga. Ulemo unahamia lini? Nani atakubebea vyombo?"

Mama akauliza, "Nani anahama?"

"Wewe. Hosea ameniandikia. Amesema pipa litavunjwa na wewe unakwenda kwa kaka yako, ili Belinda asikae na wewe ua mmoja. Kwani hujui?"

 Ni mara ya kwanza namwona mama ameulizwa kitu akakosa jibu. Nyuma yetu mmoja wa wale wanawake akasema taratibu, "Kumbe hata mwanawe anamkimbia." Na shangazi akamtazama mama, akaitazama ile ndoo, akafuta kidole chake kwenye sketi. Akarudi kukaa. Kigoda akakivuta nyuma.

Unaelewa ulichofanya? Shangazi alikuwa anashuku tu. Wewe ndiye uliyemthibitishia. Nilikwambia usifanye kitu.

Mama alibeba ndoo yake, akashukuru kwa maji, akaondoka. Nilimsindikiza hadi barabarani, gari likaja, nikajikuta nimepanda. Shangazi hajui kama amenifukuza au nimetoroka. Mimi pia sijui. Jioni zote mbili hizi nimenawa miguu hapa, maji nikayapeleka kwenye pipa mwenyewe, na Alute ananiona kutokea ng'ambo.

Sasa mimi na wewe. Mwanamume anayemhamisha mama yake kwa sababu ya pipa, mimi atanihamisha kwa sababu ya nini? Najiuliza hilo nikilala, nikiamka, nikichuma mboga. Sijakuacha. Sijakukubali. Usiniandikie. Kalamu yako imeshafanya kazi ya kutosha. Kama una la kusema, njoo na mdomo, na uanzie Mtinko, pale pale ulipopeleka ahadi.

Belinda


Mwankoko
7 Oktoba 2024

Mwanangu Hosea,

Nimesikia nahama. Ningependa kujua nibebe vitu gani.

Belinda amekuandikia mengi, mimi sina mengi. Sikuvunja pipa. Jana nilisimama mbele yake na nyundo, na nikawaza, mwanangu amesema. Belinda akanikuta. Hakuninyang'anya, aliuliza tu kama nataka aniondolee kifuniko. Basi nikaona haya, nikaenda kumwagilia.

Clement anasema jina langu limependekezwa kwenye kaya za mfano. Nimemwambia asubiri kidogo, sijajua kama bado nina kaya.

Ningeweza kukwambia umekosa, lakini wewe si mtoto. Ulinichagulia pa kukaa kama anavyohamishwa mbuzi, na ukampa habari hiyo mtu mwingine kabla sijakujibu. Hilo ndilo limeniuma. Uchawi wao haujaniuma hivyo, hao hawakunyonya kwangu.

Kuja au kutokuja ni shauri lako. Najua kurina asali kumekaribia. Sikuombi.

Felista


Mtinko
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Mama shikamoo,

Barua hii hatapewa Mazengo. Nitaileta mwenyewe, leo hii, kama gari litapatikana.

Nimetoka kambini. Mkuu wa kambi amesema anayetoka kabla ya siku ya kurina hana fungu, na nafasi yangu ameshapewa mwingine. Kwa hiyo fungu la harusi halipo, kama harusi yenyewe ipo. Njiani kila lori liliposimama nilishuka nikatembea, kana kwamba miguu yangu ingefika kabla yake.

Nilifika Mtinko wakati watu wanatoka ibadani. Niliogopa nikisubiri nitakimbia, kwa hiyo nikamsimamisha shangazi Martha pale pale nje ya kanisa, mbele ya kwaya nzima. Nikamwamkia. Nikamwambia nimekuja kuyarudisha maneno yangu.

Akasema, "Maneno gani? Uliandika mwenyewe."

Nikasema, "Niliandika kwamba mama anahama. Sikumuuliza. Hakuna alilofanya la kumhamisha. Mama yangu hajamroga mtu, anachuja maji."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Niliogopa, shangazi."

"Ulimwogopa mama yako?"

Mama, nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu Itigi. Yakapotea yote. Nikasema, "Nilikuogopa wewe."

Watu walicheka mpaka mchungaji akatoka kuangalia. Mimi sikuwa natania. Shangazi akanitazama toka miguuni hadi kichwani. Kisha akawageukia wenzake akasema, "Mmesikia? Kumbe mchawi ni mimi." Akaniambia nimfuate. Akanipeleka kwenye kitalu chake. Kimetandazwa maganda ya alizeti chote, na kwenye kona kuna ndoo imetobolewa chini, na ndani kuna mkaa. Hakunieleza na mimi sikuuliza. Alisema tu, "Mama yako alisema maganda yatandazwe kwa unene gani? Aliondoka kabla hajamaliza." Nikamwambia sijui. Akasema, "Hujui kitu, wewe. Mwambie nitakwenda Jumamosi animalizie. Na huyo jirani yake Alute, nasikia anamkwepa, atanisikia."

Nikamuuliza kuhusu Belinda. Akajibu kwamba mwanamume anayemwogopa yeye anaweza kuoa kwao, ila Belinda hamwogopi mtu, kwa hiyo hilo nikamuulize Belinda.

Nimeyaandika haya nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa barabara, kwa sababu najijua. Mbele ya shangazi mdomo ulifunguka kwa kuwa yeye ni mtu mwingine. Mbele yako sina hakika. Wewe nilikuhamisha kwa barua ya dakika chache, honi inalia. Sikukuuliza. Sikukuuliza, mama, na nyumba ni yako.

Nikifika nikashindwa kusema, nitakupa karatasi hii. Isome polepole, hata kutwa. Belinda akitaka naye asome. Mimi nitakuwa nimesimama nje ya ua, na sitaingia mpaka uniite.

Mwanao,
Hosea